Mke wangu anajua nipo jimu, kumbe nipo kwenye supu

Dada habari za kazi, na shikamoo kama umenizidi maana sijui umri wako. Naomba usinicheke, au cheka ila unijibu.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 46, naishi Tabata hapa Dar. Kazi yangu ni ya ofisini, ya kukaa, yaani asubuhi nakaa kwenye daladala nikibahatika siti, nafika nakaa mpaka jioni, narudi nakaa kwenye kochi. Miezi miwili na ushee iliyopita nilienda hospitali kwa ajili ya jino tu, wakasema tupime presha kwanza, ikaja 152 kwa 96. Nikaambiwa nirudi siku nyingine wapime tena, nikarudi, iko palepale. Daktari akaniambia punguza chumvi, punguza hicho kitambi, fanya mazoezi, nakupa miezi mitatu, ukirudi ikiwa hivi hivi tutaanza vidonge.

Nilivyomwambia mke wangu hakulala. Baba yake alianguka kwa presha akakaa kitandani miaka minne, upande mmoja hausogei, kwa hiyo kwake hilo neno si la mchezo. Kesho yake akaenda kukopa 180,000 kwenye kikoba chao, na riba juu, akanilipia jimu ya miezi mitatu hapa mtaa wa pili, elfu 60 kwa mwezi. Akaninunulia na traksuti, raba, na fulana mbili za bluu ile iliyokoza. Mimi nilitaka nijipange kwanza lakini mtu akishakulipia utasemaje.

Siku ya kwanza nikafika saa 11 na nusu alfajiri. Kocha ni kijana, sidhani kama amefika 25, mabega kama mlango. Muziki mkubwa, vioo kila upande, kwa hiyo kitambi chako unakiona kutoka pande zote nne. Akaanza, "Mzee leo tunaanza na miguu, skwati seti tatu repu kumi na tano, resti sekunde thelathini, halafu lanji na planki tunapiga supaseti, cheki fomu yako." Dada mimi nina digrii, lakini kwenye sentensi ile nilichoelewa ni "mzee" na "miguu". Nikaona aibu kuuliza. Pembeni kulikuwa na binti rika la mwanangu wa kwanza anapiga skwati na chuma begani, chuma ambacho mimi hata kukiangalia ningehitaji msaidizi. Nikaitikia "poa" nikachukua chuma kama cha kwake.

Ya tatu nikabana pumzi ili nimalize, nikaona nyota, masikio yakaanza kulia, nikatoka nje nikatapika nyuma ya simtanki. Kesho yake miguu inauma lakini nikajikaza nikarudi, sababu mimi nimekulia kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi, saa 12 asubuhi kwenye umande, ukibaki nyuma ya wenzako unaruka kichurachura kuzunguka uwanja, na mwalimu wetu wa michezo hakuchoka kutusimulia John Stephen Akhwari kule Mexico mwaka 1968 alivyoanguka akaumia goti na bado akamaliza marathoni na bandeji mguuni. Kwa hiyo kichwani mwangu kuacha zoezi ni aibu ya taifa. Nikapiga tena zile skwati. Keshokutwa yake nilishindwa hata kukaa chooni, nashika ukuta kama mzee wa miaka tisini.

Siku iliyofuata nikaamka, nikavaa, nikamuaga mke wangu, ila nilivyofika mlango wa jimu miguu ikapitiliza. Nikatembea mpaka ng'ambo ya barabara kubwa kuna kibanda cha supu ya kongoro, ni mbali kidogo, dakika 25 hivi kwa mwendo wa haraka maana sikutaka jirani anisimamishe aniulize naenda wapi. Nikapiga supu na chapati mbili, nikasubiri muda uende, nikajimwagia maji ya chupa kifuani na mgongoni, nikarudi kwa mwendo ule ule. Mke wangu akanipokea na taulo. Akasema "umejitahidi baba". Basi dada ndo imekuwa hivyo, Jumatatu mpaka Ijumaa, hii ni wiki ya tisa. Pale kibandani nikikaa tu bakuli linakuja na limao limeshakatwa.

Sasa mambo yamekuwa makubwa. Mke wangu amewasimulia wenzake wa kikoba, wanawake wawili wanataka waume zao waje niwape moyo. Na Jumapili iliyopita amerudi na raba zake mwenyewe, anasema mwezi ujao tunaenda wote, nitamwelekeza. Nimwelekeze nini dada, mi hata repu sijui ni nini. Mkanda wa suruali uko tundu lile lile. Kliniki ni wiki tatu kutoka leo. Kinachoniumiza zaidi, ofisini lifti imeharibika tunapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wenzangu wanafika wanahema mi nafika naongea tu, wananiambia "tizi inakulipa bosi", nikisikia hivyo roho inaniuma maana ni uongo mtupu. Halafu juzi mke wangu anakunja nguo akaniuliza huku anacheka, "hivi baba nanii, mbona jasho lako siku hizi halina hata harufu?" Nikamwambia mazoezi yanasafisha mwili.

Nifanye nini? Nimwambie ukweli avunjike moyo na deni la kikoba bado analipa? Au hizi wiki tatu nirudi jimu nikaze kwelikweli, uongo ugeuke kweli kabla ya kliniki? Au nikae kimya yapite? Nisaidie dada.

Mteja wa Kongoro, Tabata


JIBU

Marahaba mdogo wangu, nimekuzidi, na kwa miaka mingi tu. Na nimecheka, sitakudanganya, nimecheka kuanzia kwenye mabega kama mlango, ila nilipofika kwa baba mkwe wako nikaacha.

Maana hapo ndo naona uzito wa barua yako ulipo. Mke wako hakulipia jimu, alilipia usije ukalala kitandani miaka minne kama baba yake. Na wewe unalijua hilo, ndo maana supu inapita kooni kwa shida japo hujasema. Kwa hiyo unayo mawili yamefungwa kamba moja: presha ambayo inabidi ishughulikiwe, na uongo ambao ulianza kama aibu ya asubuhi moja ukaota mizizi. Tuvifungue kamba kwanza tuangalie kimoja kimoja, maana naona wewe unataka kuvimaliza vyote kwa pigo moja.

Naanza na hilo neno lako, "uongo mtupu". Mimi nilivyosoma barua yako nilichukua kalamu. Kutoka kwako mpaka kwenye supu dakika 25 kwa mwendo wa haraka. Kurudi 25. Hizo 50. Mara siku tano, dakika 250 kwa wiki. Umefanya hivyo karibu wiki tisa. Sasa sikia, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya ukali wa wastani, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali. Na kutembea haraka kumo humo kwenye ukali wa wastani, wala si kwa huruma, kumo kabisa. Zamani walikuwa wanataka angalau dakika kumi mfululizo ndo zihesabike, mwaka huo wakaliondoa hilo sharti, kila dakika inahesabika.

Kwa hiyo ulimdanganya mke wako kuhusu jimu, hilo ni kweli na haliwi dogo kwa sababu ya hesabu zangu. Ila kwenye suala la mazoezi umejidanganya na wewe mwenyewe, kinyumenyume. Zile ngazi za ofisini unadhani umezipanda kwa nini? Wenzako wanahema wewe unaongea, halafu unasikitika! Hiyo ndo inaitwa pumzi, uwezo wa moyo na mapafu kusukuma kazi kwa muda mrefu bila kuchoka, wenyewe wa jimu wanaita kadio, na unaijenga kwa kutembea, kukimbia, baiskeli, kuruka kamba, hata kucheza ngoma ya harusi usiku kucha ukitaka.

Nadhani kilichokupoteza ni mchakamchaka. Kwako mazoezi lazima yawe na jasho, mtu anayekupigia kelele, na adhabu ya kichurachura ukibaki nyuma. Kisichouma hakihesabiki. Na huyo Akhwari, mimi nampenda kama unavyompenda, mtu kaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza limeshaingia. Lakini yule alikuwa mwanariadha aliyeiva, na ile ilikuwa siku moja ya Olimpiki. Haikuwa Jumanne alfajiri Tabata na presha ya 152. Sidhani mwalimu wako alikusudia umkumbuke ukiwa unatapika nyuma ya simtanki.

Sasa kabla hujafurahi sana. Sijui huo mwendo wako wa haraka ni wa haraka kiasi gani. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mashine: ukiwa unatembea jaribu kuongea. Kama unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba huwezi, uko kwenye wastani. Kama unaweza kuimba wimbo mzima vizuri, hiyo ni matembezi ya kupunga upepo. Kama maneno matatu tu yanatoka halafu unavuta hewa, hapo umeingia kwenye makali. Wapo wanaohesabu mapigo ya moyo, 220 unatoa umri wako, kwako inabaki 174, halafu wastani unakuwa kati ya nusu ya hiyo na asilimia 70, yaani mapigo 87 mpaka 122 kwa dakika, lakini hayo ni makadirio tu na mimi kuhesabu huku natembea nilishashindwa, natumia mdomo.

Na supu. Bakuli la kongoro lenye chumvi yake pamoja na chapati mbili za mafuta, siku tano kwa wiki, kwa mtu aliyeambiwa apunguze chumvi na kitambi, hapo sina la kukutetea. Mkanda kubaki tundu lile lile pengine ndo jibu lake: unachokiunguza barabarani unakirudisha kwenye benchi. Ingawa na mkanda nao si shahidi wa kila kitu, pumzi inaweza kupanda na mishipa ikanufaika wakati kiuno hakijasogea hata kidole.

Tuje kwenye lugha ya kocha maana naamini ndo ilikutimua kuliko chuma. Yule kijana alikuwa anaongea kama fundi wa magari anavyoongea, hakuwa anakusimanga. Repu ni tendo moja zima, umechuchumaa ukasimama, hiyo repu moja. Ukirudia kumi na tano bila kusimama kupumzika, hilo fungu ndo seti. Resti ni muda wa kuvuta pumzi kati ya seti na seti. Skwati ni kuchuchumaa na kuinuka, jambo ambalo mama yako alilifanya jikoni maisha yake yote bila kulipia elfu 60. Lanji ni kupiga hatua ndefu mbele na kushuka goti la nyuma karibu na chini. Planki ni kulala kifudifudi umejiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, hutikisiki, unahesabu sekunde (mimi ishirini, nikizidisha namkumbuka Mungu). Supaseti ni kuunganisha mazoezi mawili bila resti katikati, na kiukweli huyo kocha kumpa mtu wa siku ya kwanza supaseti bila hata kumuuliza habari za presha, hapo na mimi nina neno naye. Fomu ni namna unavyokaa ukifanya zoezi, mgongo, magoti, miguu viko wapi. Fomu ikiharibika, chuma kizito au chepesi kitakuumiza tu.

Unaona, maneno nane, umeyamaliza hata supu haijapoa.

Lipo moja hakulisema na ndo lililokuangusha. Kubana pumzi. Ukinyanyua kitu kizito huku umeziba pumzi presha inaruka juu ghafla, kwa mtu mzima wa afya anaona nyota, kwa mtu wa presha ni kuchezea moto. Unatoa pumzi wakati unanyanyua, unavuta wakati unashusha. Na yale maumivu ya kushika ukuta chooni, yale yanakuja siku moja mpaka tatu baada ya kazi ambayo misuli haijaizoea, yanaisha yenyewe, hayana maana umeharibika wala hayana maana umefanya vizuri. Ni tofauti na maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo, na tofauti kabisa na kifua kubana, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila mpangilio. Hayo matatu ukiyapata simama na utafute hospitali, usisubiri kesho.

Kwa hiyo tuangalie njia zako.

Ya kukaza wiki tatu ndo inayonitia wasiwasi kuliko zote, japo naona wewe ndo inakuvutia, kwa sababu inakuruhusu usiseme chochote. Mwili haulipi madeni kwa mkupuo. Wanaojua mazoezi wana kanuni ya kuongeza kidogo kidogo: kila programu ina vitu vinne vya kucheza navyo, mara ngapi kwa wiki, kwa ukali gani, kwa muda gani, na zoezi la aina gani, na ukitaka kuongeza unaongeza kimoja, unakaa nacho, mwili unazoea, ndo unagusa kingine. Wewe unataka kuongeza vyote vinne kwa siku 21 huku roho iko juu. Ulishaonjeshwa siku ya kwanza. Na misuli inajengeka ikiwa imepumzika, si wakati unainyanyasa, kwa hiyo kukaza kila siku ni kubomoa bila kuacha simenti ikauke. Lakini kurudi jimu kwenyewe si vibaya, siku zilizolipiwa bado zipo, na mwongozo ule ule niliokutajia unataka mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, kitu ambacho matembezi yako hayakupi. Ingekuwaje ukienda mara mbili tu kwa wiki, bila chuma kwanza, ukamwambia yule kijana, "mdogo wangu nina presha, na sikukuelewa siku ile, anza upya"? Gharama yake ni ile aibu ya dakika mbili uliyoikwepa kwa wiki tisa. Labda atacheka. Labda pia ndo anasubiri mtu amwambie, maana watu wengi wanaitikia "poa" kama wewe halafu hawaonekani tena, na yeye hajui kwa nini.

Kukaa kimya nayo ina mvuto wake, ndoa nyingi zina viuongo vidogo vilivyozikwa na nyasi zimeota juu. Ila hiki chako hakijazikwa, kina raba mpya na kinataka kuanza mwezi ujao.

Na kuna mtu mmoja ambaye wewe hujamtaja kabisa kwenye orodha ya wanaodanganywa. Daktari. Wiki tatu zijazo atakuuliza, "mazoezi umefanya?" Ukisema ndio, jimu, siku tano kwa wiki, na presha iko palepale, atahesabu kwamba mazoezi yamefanyika na hayakusaidia, ataandika dawa kwa hesabu hiyo. Ukisema hapana, sijafanya chochote, pia si kweli. Ukimwambia dakika 50 za kutembea kwa siku na supu ya kongoro katikati, hapo anaijua picha nzima. Inawezekana bado akakupa vidonge, na vidonge si kushindwa mtihani, wapo watu wanatembea, wanakula vizuri na bado wanameza. Mke wako unaweza kuchagua umwambie lini na vipi, hayo ni ya ndani. Huyu wa kliniki anapima dozi kwa maneno yako, na mimi kama dada yako hapo ndo ningepumua kwa shida.

Haya, mama wa nyumba sasa. Unaogopa atavunjika moyo. Nakuuliza kwa upole mdogo wangu, una uhakika hajui?

Mimi nimefua fulana za mume na za wanangu wa kiume watatu wacheza mpira. Fulana ya bluu iliyokoza ikikaukia jasho la kweli inaacha ramani nyeupe mgongoni na kwapani, ile ni chumvi ya mwili, hata mtoto anaiona. Maji ya chupa hayaachi ramani. Wiki tisa, fulana mbili, anazikunja yeye. Halafu anakuuliza kuhusu jasho huku anacheka, na muda si mrefu anarudi na raba. Na supu ya kongoro, kwani unadhani haibaki kwenye masharubu?

Sina njia ya kujua, sijakaa na nyie. Inawezekana hajashuku kitu na alikuwa anatania tu, na raba amenunua kwa sababu na yeye ni mtoto wa baba yule yule aliyelala miaka minne, ana hofu ya mwili wake mwenyewe ambayo hajawahi kukwambia. Au inawezekana anajua kitambo na raba ndo namna yake ya kukufungulia mlango utoke bila kukuaibisha. Yote mawili ukiyaangalia, naona ni mwanamke anayetaka kutembea na wewe. Kukuhoji sioni kama ndo hamu yake.

Kumwambia kuna hatari zake, sitaki nikupake mafuta. Anaweza kukasirika, hasa kwa ile hela, maana mkopo wa kikoba anaudaiwa yeye mbele ya wanawake wenzake na umemfanya akusifie kwa kitu ambacho hakikuwepo. Hiyo hasira ni halali yake na inaweza isiishe siku moja. Ukiamua kumwambia, fikiria utaanza na nini: ukianza na "nilikuwa nakunywa supu" atasikia supu tu. Ukianza na ile siku ya kwanza, muziki, vioo, binti na chuma chake, kutapika, aibu, huenda akamsikia mume wake. Na lile deni, unaweza kufika ukiwa umeshafikiria utashika marejesho mangapi kutoka mfukoni kwako, hizo za supu na chapati za mwezi mzima zikijumlishwa si haba.

Au unaweza usianze na maneno kabisa. Mwambie avae raba zake, usisubiri mwezi ujao, mpite wote mlango wa jimu bila kuingia, mfike mpaka kule ng'ambo. Dakika 25 ni nyingi kwa watu wawili gizani, maneno huwa yanapata njia yenyewe mkiwa mnaangalia mbele na hamtazamani usoni. Hatari yake ni kwamba mkifika, muuza supu atakuona na bakuli litakuja na limao limeshakatwa, kwa hiyo kama hujasema njiani, litasema lenyewe.

Na mkirudi nyumbani, kama mtarudi mnaongea, kuna kiti cha jikoni. Kaa, simama bila kushika kitu, mara kumi, pumzi nje ukiinuka. Pumzika dakika moja. Rudia, na tena. Hizo ni seti tatu repu kumi, unaweza kumwelekeza na yeye. Ukuta nao unatosha kwa pushapu za kusimama, viganja usawa wa kifua, unasogea unajisukuma. Anzeni mnapasha kwanza, kutembea taratibu dakika tano na kuzungusha mabega, na mkimaliza msikae ghafla, punguzeni mwendo mpaka moyo utulie. Siku inayofuata iacheni miguu ipumzike.

Kuhusu wale waume wawili wa kikoba sijui hata nikwambie nini. Labda na wao wana vibanda vyao.

Kesho alfajiri ukitoka, ukishavuka ile barabara kubwa, jaribu kuimba kitu, chochote, hata wimbo wa mchakamchaka wa shuleni kwenu. Uniandikie umefika ubeti wa ngapi.